Fimbo ya Mtu Aliyekaa

Eufaula, Alabama
4 Machi 1989

Shemeji Hollis,

Ulihamia Texas kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Hata bakuli langu umeondoka nalo. Anwani yako nimeipata kwa binamu yako Odell, na hata yeye aliitoa kwa kusitasita. Sikupigii simu kwa sababu nakujua: kwenye simu utasema "ndiyo, Shemeji," "hapana, Shemeji," halafu utadai kuna kitu kinaungua jikoni. Kwenye barua huna pa kukimbilia.

Nina shida ndogo. Twyla ametimiza miaka kumi na mitatu na anataka kuvua besi, wale samaki wa ziwani. Nilimpa ile fimbo ya watoto, yenye mashine ya kubonyeza kitufe, akaitazama kama vile nimempa kijiko cha uji. Anataka kama ya baba yake: fimbo yenye mashine inayokaa juu, ile ambayo mtu anauzuia mshipi kwa kidole gumba. Mimi sijui hata pa kuanzia. Fimbo za Royce hazipo, unajua. Zote tisa nilizitandaza kwenye nyasi mbele ya nyumba wiki ya tatu baada ya mazishi, na kufika saa nne asubuhi watu walikuwa wameshazichukua. Siku ile sikujuta. Leo najuta kidogo, lakini ni kwa ajili ya Twyla, si kwa ajili yake yeye.

Sasa nisikilize vizuri. Nataka fimbo ya mtu aliyekaa. Twyla atavulia kwenye gati la jirani yetu mzee Lamar, atakaa, na hatasimama. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba hii: kwenye boti hatusimami, kwenye gati hatusimami. Sababu unaijua wewe kuliko mtu yeyote. Ulikuja mlangoni kwangu na kofia mkononi ukaniambia ulimwambia akae, ukamwambia mara mbili, naye akasimama boti ikiwa mbioni, mkagonga kisiki kilichozama majini. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, ana mke, ana mtoto, anaambiwa akae hakai. Sitaki ubishi ule umrudie mwanangu.

Basi niambie urefu gani, mashine gani, mshipi gani. Andika kana kwamba unamwandikia mtu asiyejua kitu, maana ndivyo nilivyo.

Shemeji yako,
Verna Stallings


Jasper, Texas
13 Machi 1989

Shemeji Verna,

Barua imefika. Bakuli lipo, liko juu ya friji. Nitalituma.

Fimbo. Mtu anayeanza kwa kawaida namwambia achukue ya futi sita na nusu, ngumu kiasi, inayopinda karibu na ncha tu. Lakini kwa mtu aliyekaa hiyo ni ndefu. Chukua ya futi tano na nusu yenye kishikio kifupi.

Mashine. Usichukue ile ya ovyo kabisa, itamkatisha tamaa, wala ile inayovuta kwa kasi sana. Tafuta yenye kidude cha sumaku pembeni chenye namba. Hicho ndicho kinachozuia kigurudumu cha mshipi kisizunguke kuliko chambo kinavyokwenda. Aanze na namba ya juu kabisa, ashuke taratibu wiki hadi wiki. Mkono wa kuzungushia uwe upande wa kulia.

Mshipi wa nailoni unaohimili pauni kumi na nne. Chambo cha nusu aunsi, kisipungue hapo. Chambo chepesi ndicho kinachowaliza wanaoanza.

Kuhusu kukaa. Wapo watu wanaovua wakiwa wamekaa. Si wengi.

Hapa kazi ya kiwanda cha mbao inaendelea. Msalimie Twyla. Royce alikuwa mtu mzuri, Shemeji.

Hollis Pruett


Eufaula, Alabama
2 Aprili 1989

Shemeji Hollis,

Barua yako ilichelewa siku mbili na mimi sina subira. Nilishakwenda dukani. Muuzaji, mwanamume mwenye ndevu nyingi na maarifa haba, aliniuliza, "Binti anatumia mkono gani?" Nikamwambia wa kushoto, kama baba yake. "Basi, mama," akasema, "huyo anataka mashine ya mashoto," akaniletea yenye mkono wa kuzungushia upande wa kushoto, akaifunga kwenye karatasi kwa majivuno kama vile ameniuzia farasi. Nafika nyumbani, nakuta barua yako: mkono uwe kulia. Nikacheka peke yangu jikoni, kicheko kisicho na raha.

Hata hivyo tumeijaribu. Twyla anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwenye ncha ya gati. Anatupa, ncha ya fimbo inapiga maji, mshipi unafumuka ndani ya mashine unakuwa kiota cha ndege. Tunakaa robo tatu ya saa tukifumua kwa sindano yangu ya kufumia. Anatupa tena, kiota tena. Mara ya nne ndoana ilinasa kofia yangu ya kanisani na kofia ikaenda ziwani. Mzee Lamar alikuwa anatutazama kutoka barazani kwake. "Verna!" akapaza sauti. "Mwinue huyo mtoto, anatupa kama mtu anayefukuza kuku!" Nikamwambia ashughulike na kuku wake.

Tukiwa tunafumua kiota cha mwisho, Twyla aliniuliza bila kunitazama, "Kama Baba alitupenda, kwa nini hakukaa?" Nikamwambia baba yako alikuwa mbishi. Akasema, "Yaani ubishi aliupenda kuliko sisi?"

Swali hilo hilo najiuliza tangu Aprili iliyopita. Mama yake Royce alitaka jiwe la kaburi liandikwe "mume na baba mpendwa". Nilikataa. Lina jina na tarehe tu. Kanisani wanasema nina roho ngumu, na huenda ninayo. Nikipita pale sisimami.

Wewe ulikuwepo. Alisema nini kabla ya kusimama? Alikuwa anacheka? Sikuwahi kukuuliza kwa sababu nilikuwa naogopa kwamba alikuwa anacheka.

Verna


Jasper, Texas
15 Aprili 1989

Shemeji Verna,

Rudisha hiyo mashine dukani. Kosa hilo hufanywa na kila anayemnunulia mwenye mashoto. Sisi wa mkono wa kulia tunatupa kwa kulia, halafu lazima tuhamishie fimbo kushoto ndipo tuzungushe kwa kulia. Mwenye mashoto hahamishi kitu. Anatupa kwa kushoto na mkono wa kulia uko tayari kuzungusha. Royce akiniona nahamisha alikuwa ananizomea: "Hamisha, Hollis, hamisha! Mikasi yenu, madawati yenu, kila kitu chenu. Hii moja ni yetu!" Kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja, utani huo huo. Nilikuwa namwambia nimeuchoka. Natamani kuusikia hata mara moja.

Kuhusu viota. Kabla hajatupa, ainue fimbo, aachie kigurudumu, chambo kishuke polepole. Kikigusa mbao za gati, kigurudumu nacho kisimame. Kikiendelea kuzunguka, akaze kile kifundo kilicho upande wa mkono wa kuzungushia. Gumba liwe juu ya mshipi muda wote, liguse tu, jinsi unavyomgusa mtoto aliyelala kuangalia kama ana homa. Afanye mazoezi uani kwanza, bila ndoana.

Lakini kosa kubwa si la mashine wala la Twyla. Ni langu, nilikushauri vibaya. Hakuna anayejifunza kitu hiki akiwa amekaa. Natuma kwa posta fimbo ya futi sita na nusu, na bakuli lako. Mwache asimame, Shemeji. Mvalishe jaketi la kuokolea, asimame.

Umeuliza kama alikuwa anacheka. Hapana. Hakuwa anacheka.

Hollis


Eufaula, Alabama
24 Aprili 1989

Hollis,

Kifurushi kilifika Jumamosi. Jana ulitimia mwaka mmoja.

Ulidhani sitaijua? Kishikio kina plasta nyeupe ya kufungia vidonda. Niliizungusha mimi mwenyewe, kwenye meza ya jikoni, gamba lake la juu lilipobanduka na Royce akawa anasema itafaa hivyo hivyo. Niliilaza kwenye nyasi kwa mikono yangu, na aliyeiokota ni Odell. Kumbe alikuwa anakuchukulia wewe. Ulikuwa umeegesha wapi? Pale kwenye kona? Ukashindwa hata kushuka uniamkue?

Na sasa wewe ndiye unaniambia mwanangu asimame. Wewe, mtu pekee duniani aliyemwambia Royce akae. Mwaka mzima nimekushukuru kwa hilo. Kila nilipomkasirikia nilikuwa najiambia, angalau Hollis alijaribu. Twyla ameichukua ile fimbo, analala nayo chumbani. Gatini hajaipeleka, kwa sababu sheria ni ile ile.

Kuna kitu huniambii. Kimo katika barua zako zote mbili, unakizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi la maji barabarani. Nieleze kwa nini mwanangu asimame, au usiniandikie tena.

Verna


Jasper, Texas
7 Mei 1989

Verna,

Hii ni mara ya nne naandika barua hii. Naipeleka posta bila kuisoma tena.

Sikumwambia akae.

Yalikuwa mashindano ya kuvua, na tulikuwa tumechelewa kwenye mizani. Chama chetu kinakata uzito kwa kila dakika unayochelewa, na kinakata tena kwa kila samaki anayefika amekufa. Mizani ilikuwa inafungwa saa tisa alasiri. Nilikuwa nimepata besi mkubwa kuliko wote niliowahi kushika, pauni tisa na ushee, na mara ya mwisho nilipomwangalia kwenye tangi la maji la boti, tunamowaweka samaki wakiwa hai, alikuwa ameanza kulala ubavu. Niliyekuwa naendesha ni mimi. Nilikata njia ya mkato kwenye visiki kwa mwendo ambao sikutakiwa kwenda hata mahali peupe.

Royce alikuwa amekaa, Verna. Amekaa vizuri, jaketi lake limefungwa, kofia ameikalia isipeperuke. Alipiga kelele, "Punguza, Hollis, ni samaki tu huyo!" Nikamwambia, "Simama uniangalizie samaki wangu." Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena, safari hii kwa ukali, kama mtu anayemwamrisha mtumishi. Hizo ndizo mara mbili nilizokuambia.

Akasimama, kwa sababu alikuwa rafiki yangu na mimi nilikuwa nimempandishia sauti. Akafungua kifuniko cha tangi, akainama, akasema, "Mzima huyu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Halafu kisiki. Kichwa kiligonga ukingo wa boti kabla hajafika majini, na jaketi halikumsaidia kitu.

Walipoivuta boti mpaka gatini nilifungua lile tangi. Samaki alikuwa hai. Anaogelea, mzima wa afya. Nilimrudisha ziwani bila kumpima.

Nilikuja kwako nikiwa na nia ya kusema. Ulifungua mlango ukaniuliza, "Alisimama, sivyo? Yule mbishi alisimama?" Nikasema ndiyo, nilimwambia akae. Yalinitoka yenyewe, na yakishatoka sikuwa na ujasiri wa kuyarudisha. Halafu ukanipakulia chakula, ukanifungia kingine niondoke nacho. Ndiyo maana bakuli lako lilinishinda kulirudisha.

Nilidhani uongo ule unanificha mimi tu, haumdhuru mtu. Sikujua umemkalisha mtoto kwenye ndoo. Sikujua habari ya jiwe. Maofisa walioandika maelezo yangu nimewaandikia leo, nao nimewaeleza ukweli.

Mwambie Twyla baba yake alikuwa amekaa. Sikuombi kitu kingine.

Hollis Pruett


Jasper, Texas
25 Juni 1989

Verna,

Wiki saba, sina jibu, na sistahili jibu. Naandika jambo moja tu: jua la kiangazi linaharibu mshipi wa nailoni. Kama ule wa Machi bado uko kwenye mashine, utoe wote, mwekee mwingine. Utamkatikia akipata samaki wake wa kwanza.

H.


Eufaula, Alabama
16 Julai 1989

Hollis Pruett,

Barua yako ya Mei niliisoma mara moja. Niliiweka kwenye Biblia, nikaona haifai kukaa humo, nikaitoa nikaitia kwenye droo ya visu.

Mwaka mzima sikulia. Watu walisema Verna ana nguvu. Haikuwa nguvu, ilikuwa hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyokuwa inaniamsha asubuhi. Sasa umeniondolea, na nimebaki na mume aliyekuwa amekaa vizuri na kofia ameikalia. Kuikalia kofia ni tabia yake kabisa. Niliposoma hapo ndipo nilipojua unasema kweli.

Nimeanza kumlilia mwezi wa Mei, wakati wenzangu wote wameshamaliza. Nalia nikiosha vyombo, nalia nikipanga foleni dukani. Fimbo zake niliwatandazia wapita njia. Nilimnyima neno "mpendwa". Nilimsema vibaya kwa mtoto wake, siku baada ya siku, kwa kosa asilolifanya, na sasa hayupo nimwombe radhi. Hilo ndilo linaloniua, Hollis. Kifo chake ningekizoea.

Kweli, pale mlangoni nilikuwekea maneno mdomoni. Nimelifikiria sana hilo. Lakini ungeweza kurudi kesho yake.

Sikusamehe. Sijui kama itafika siku, na usiniulize. Usije na usipige simu. Fundi wa mawe anakuja Alhamisi kuongeza maneno kaburini.

Twyla nimemsomea barua yako yote, kwa sababu ni haki yake. Alitoka nje. Sasa anataka kukuandikia na sitamzuia. Utakachomjibu nitakisoma mimi kwanza.

Mshipi nimebadilisha.

Verna Stallings


Eufaula, Alabama
6 Agosti 1989

Anko Hollis,

Sijui kama bado nikuite anko. Nilijaribu kuandika Bwana Pruett, ikawa kama nawaandikia watu wa shule.

Nina maswali mawili. La kwanza, upepo ukinijia usoni, nakaza sumaku au nakaza kifundo? Nikikaza vyote chambo kinaanguka miguuni kwangu na mzee Lamar anacheka mpaka anakohoa. La pili, samaki wako alikuwa na pauni ngapi hasa? Umeandika tisa na ushee. Najua hukumpima, lakini wewe ulimshika. Nataka kujua ushee kiasi gani. Nataka kujua Baba alisimama kwa ajili ya samaki wa namna gani.

Nilikuchukia wiki mbili zote. Bado nakuchukia kidogo, hasa asubuhi. Lakini fimbo ya Baba haina kosa. Tulirudisha ile mashine dukani, Mama akamwambia yule mwenye ndevu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mpya ina mkono upande wa kulia. Ni kweli ulivyosema. Sihamishi kitu. Nikitupa nasema kimoyomoyo, hii moja ni yetu.

Jiwe limeandikwa. Mama alikaa pale kaburini mpaka fundi akakusanya vifaa vyake akaondoka, halafu akaniambia nimtangulie kwenye gari. Nilisubiri muda mrefu.

Jumapili iliyopita alikuja gatini akiwa bado na viatu vyake vya kanisani. Mimi nilikuwa kwenye ndoo na fimbo ya Baba, kwa sababu hakuna mtu aliyeniambia sheria imekwisha. Alinitazama nikitupa mara tatu, viota vitatu. Kisha akasema, "Simama." Nikadhani anamwambia mtu mwingine. Akasema tena, polepole, "Simama, mwanangu."

Nikasimama, nikatupa. Chambo kilikwenda mbali, mpaka kwenye majani yaliyoelea upande wa pili wa ghuba, na mashine haikufanya kiota. Nilitaka kugeuka nimwone Mama kama ameona. Sikuweza kugeuka. Alikuwa amenishika mkanda wa suruali kwa nyuma, kwa mikono yote miwili, na hakuuachia mpaka tulipofika kwenye nyasi.

Twyla Stallings